Mashine ya Mama, Waranti ya Marehemu

Tulipoachana, baba yangu alikuwa na wiki ya tano kaburini na dakika ya tatu kwenye simu.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita ulilitumia kufutia vioo, nakupitisha haraka. Mama hufua mashuka ya gesti kwa mashine ambayo baba aliinunua pamoja na waranti ya nyongeza ya miaka mitano. Baba akafa. Wiki tatu baadaye mashine nayo ikazima, taa zote kwa mkupuo, kama iliyokuwa ikimsubiri atangulie. Karatasi ya waranti, kwa maandishi madogo kuliko sisimizi, inasema mambo mawili: haihamishiki kwa mtu mwingine, na ni ya matumizi ya nyumbani tu. Sisi tumevunja yote mawili. La kwanza tulilivunja kwa kufiwa.

Msimamizi wa gesti alimpa mama mpaka Jumamosi. Mashuka yarudi meupe na makavu kwa wakati kama zamani, au kazi aende nayo mwingine. Mama alikuwa ameshafua kwa mkono wiki mbili. Vidole vilipasuka hata akawa anashika kijiko kwa kiganja, kama mtoto mdogo.

Basi mimi, mwanawe wa pekee, niliyetoka sekondari na kipaji kimoja tu cha kuigiza sauti za watu, nikapigia kampuni ya waranti simu kwa sauti ya baba.

Wapo mlionitumia ujumbe kwamba nina laana. Asanteni. Msichoke, someni mpaka mwisho, mtapata cha kuongezea.

"Mzee, tarehe yako ya kuzaliwa?" aliuliza dada wa huduma kwa wateja.

Nikamtajia bila kusita. Tarehe hiyo nilikuwa nimeipaka rangi kwa mkono wangu kwenye kibao cha kaburi.

"Na mashine mnaitumia kwa kazi gani?"

"Kufulia, binti yangu. Tulijaribu kuipikia ikakataa."

Akacheka. Baba angejibu hivyohivyo. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba sikulitafuta jibu, lilikuja lenyewe.

"Namaanisha ni ya nyumbani au ya biashara?"

"Ya nyumbani. Mimi, mke wangu na mtoto mmoja mchafu."

"Haya mzee. Fundi atafika Alhamisi asubuhi. Uwepo wewe mwenyewe na kitambulisho chako, utasaini mbele yake."

"Mimi mwenyewe?"

"Mwenye waranti mwenyewe. Usipokuwepo ombi linafungwa, na likishafungwa halifunguliwi."

Nikakata simu. Sauti nilikuwa nayo. Mwili ndio ulikuwa na udhuru.

Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni. Povu limempanda mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ametoka uani mbio, kandambili moja imebaki njiani.

"Nani alikuwa anaongea humu?"

"Mimi, mama."

"Nimesikia."

Nikajua kofi linakuja. Nikaandaa shavu la kushoto, maana la kulia lina jipu.

"Sema tena," akasema.

"Mama, nilikuwa napigia watu wa waranti ili..."

"Nimekwambia sema tena. Sema alivyokuwa akisema akiingia."

Baba hakuwa mtu wa kuanza na salamu. Akiingia nyumbani alianza kwa kuulaumu mlango. Nikasafisha koo.

"Mama watoto, huu mlango utakuja kuua mtu."

Mama akafumba macho. Mdomo ukaanza kutabasamu peke yake, uso haujui. Nami, mpumbavu wa ukoo, nikadhani natenda jema, nikaongeza na kile kikohozi chake cha jioni.

Akafumbua macho.

"Basi. Usirudie tena humu ndani."

Akarudi uani. Nikamsikia anakamua shuka. Alilikamua muda mrefu sana kwa shuka moja.

Baadaye nilimweleza habari ya Alhamisi.

"Tuwaambie ukweli," alisema.

"Tukiwaambia ukweli, mama, mashine inabaki kuwa meza."

"Na uongo?"

"Uongo umeshafika nusu ya njia. Umekwama kwa kukosa uso."

Alikuwa anajipaka mafuta ya mgando kwenye nyufa za vidole, kimoja baada ya kingine, akipuliza kila kimoja.

"Baba yako mdogo," alisema mwishowe, kama mtu anayetema mbegu.

Baba Mdogo ni kinyozi. Amefuatana na baba kuzaliwa, wametofautiana miaka miwili na kitambi kimoja. Usoni ni walewale. Siku ya mazishi wageni watatu walimwona wakashtuka, wa nne akakimbia. Nilimkuta kibandani kwake anamnyoa mtu ndevu. Kabla sijamaliza kueleza, akauliza, "Nitavaa shati lake lipi?"

"Ba'mdogo, hujasikia hatari yake?"

"Nimesikia. Lile la michirizi ya kijani linanipendeza. Ila elewa kitu kimoja, mwanangu, mimi si mwongo."

"Sasa hivi umemwambia huyu mteja kipara chake kinarudisha nywele."

"Hiyo ni huduma."

Mteja akafumbua jicho moja, akatutazama wote wawili, akalifumba.

"Sharti ni moja," nikamwambia. "Wewe ni ndiyo na hapana. Maneno mengine niachie mimi."

"Ndiyo na hapana," akakubali. Kumwambia kinyozi asiongee ni kumwambia jogoo akae na siri ya alfajiri, lakini sikuwa na baba mwingine wa akiba.

Alhamisi tuliamka na kazi ya kuficha mashuka thelathini na nane. Kila moja lina muhuri wa gesti kwenye kona, wino wa buluu ambao hautoki hata kwa viapo. Kumi na mawili nililaza chini ya godoro langu, kitanda kikapanda mpaka ukilala unanusa dari. Nane yakaingia kwenye pipa la maji lililokauka. Yaliyobaki mama aliyafunga mafurushi, akayapanga juu ya kabati kama watu wanaohama.

"Akiuliza?" mama alisema.

"Tunahama."

"Kwenda wapi?"

"Jela, mama, tukikosea."

Hakucheka. Siku hizo nilikuwa natania kama mtu anayepiga mluzi makaburini, na yeye alikuwa anajua.

Baba Mdogo alitoka chumbani amevaa shati la michirizi ya kijani. Masharubu ameyapunguza kama ya baba. Mama alimwangalia mara moja tu, tena kifuani, kwenye vifungo. Akamwambia, "Hilo la juu alikuwa halifungi." Baba Mdogo akalifungua.

Fundi akabisha hodi.

Alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imeungwa kwa waya upande mmoja, begi la vyuma limemwinamisha bega. Hakuketi, maji hakunywa. Alichukua kitambulisho cha marehemu, akakitazama, akamtazama Baba Mdogo, akakirudia.

"Hapa ulikuwa mwembamba, mzee."

"Ndiyo," alisema Baba Mdogo. Nikapumua. "Hapo nilikuwa sijaoa anayejua kupika."

Huyo. Dakika moja haijaisha.

"Nisikilizeni," fundi alisema huku akiipindua mashine iangalie ukuta kwa mkono mmoja, kama anageuza mgonjwa. "Mimi siamui. Mimi naandika. Anayeamua yuko ofisini, hajawahi kulowa hata kiatu. Kwa hiyo msinibembeleze, na msinichukie."

Bisibisi ikafanya kazi yake. Mfuniko wa nyuma ukatoka. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatupiga sote puani.

"Bodi," akasema. "Umeme umepanda ukashuka. Hii iko ndani ya waranti."

Nilitaka kumbusu kwenye ile waya ya miwani.

"Bodi ndiyo huwa inatunza idadi, mashine imefua mara ngapi tangu itoke dukani," aliendelea. "Hii imekufa na siri yake. Mpya inaanza na sifuri."

Mama nami tukaangaliana. Mashine ile ilikuwa inafua mara sita kwa siku, Jumapili mara nne. Shahidi pekee alikuwa ameungua. Kwa mara ya kwanza mwaka ule kifo kilikuwa upande wetu.

Bodi mpya alikuwa nayo begini. Akaichomeka, akabana, akaunganisha waya, akawasha. Taa zikarudi, moja, mbili, zote. Mashine ikatoa kile kimlio chake cha kusalimia.

Mama akaziba mdomo kwa mkono. Ulikuwa ule mkono uliopasuka zaidi. Nikaona anavyohesabu kimoyomoyo: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Yanawezekana. Mashuka thelathini na nane, bila kuyagusa maji.

"Kabla sijafunga," fundi alisema, "namwaga maji ya chini naangalia chujio la pampu. Utaratibu."

Akapiga magoti, akafungua kile kidirisha kidogo cha chini. Maji meusi yakatoka. Ikafuata pini ya nywele. Kifungo. Kipande cha soksi. Kisha kitu kikagonga sakafu kwa sauti ya chuma.

Ufunguo. Umefungwa kwenye kibao cha shaba. Fundi akakifuta kwa kidole gumba, akakisoma kwa sauti. Jina la gesti. Namba tisa.

Fundi akaugeuza ufunguo kiganjani.

Sisi tulijua ulikotoka. Wahudumu wa gesti huvua mashuka kwa haraka, kila kilichoachwa kitandani kinafungwa humohumo. Mwaka jana tulikuta meno ya bandia. Lakini hilo la meno huwezi kumweleza fundi bila kumweleza na mashuka.

"Huu ni wa gesti," fundi akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya karatasi. "Nimeshakuta nyumba zinafua za gesti kwa mashine za nyumbani. Chujio huwa ndilo linalosema. Fomu inaniuliza: kitu kigeni kilichokutwa, na kimetoka wapi. Nikiandika biashara, bodi hii naichomoa sasa hivi naondoka nayo, na waranti imefutwa. Kwa hiyo nawauliza mara moja. Umefikaje humu?"

Nikafungua mdomo. Niapisheni kwa chochote, nilikuwa na jibu. Nilitaka kusema niliuokota njiani, nikausahau mfukoni. Ni uongo mwembamba, wa kawaida, unaopita popote bila kugeuziwa shingo.

Baba Mdogo akaniwahi.

"Ni wangu, fundi."

"Wako?"

"Umetoka kwenye suruali yangu." Akamsogelea, akashusha sauti, sauti ya kinyozi anapofika sikioni. Mama alikuwa hatua mbili tu. "Wanaume tunaelewana. Chumba namba tisa, kile cha nyuma kabisa, ukipita pale kwenye tangi. Dirisha lake halitazami barabarani. Kila Jumanne. Nyumbani naaga kwamba kuna mzigo wa kupokea ghalani, si unajua? Siku moja nikaondoka na ufunguo, suruali ikafuliwa. Nimeutafuta mpaka nikachoka."

Fundi alimkodolea macho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akacheka. Akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Mzee! Na mbele ya mkeo?"

"Si umetaka ukweli?"

"Haya." Akachukua kalamu, akaandika huku akitamka. "Ufunguo. Umetoka. Mfukoni. Mwa suruali. Ya mwenye mashine." Kisha akamgeukia mama, akakohoa kidogo. "Pole, mama. Hilo waranti hailigusi."

Mama alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa. Sikuona alipoketi. Uso umemshuka, mikono imelala mapajani, viganja juu. Nikajisemea moyoni, kumbe kipaji changu nimekirithi kwake. Hata mimi nisingeweza kuigiza hivyo, mke aliyesalitiwa, bila hata neno moja. Nusura nimpigie makofi.

Lakini kuna kitu kilianza kunila.

Mimi ni mwongo mzoefu, nayajua maungo ya uongo. Uongo wa papo kwa papo huja mnenemnene, hauna mambo mengi ndani yake. Unasema gesti, unasema mwanamke, basi. Hauna tangi. Hauna dirisha, wala dirisha hilo halina upande linalotazama.

Na baba alikuwa mtunza ghala. Jumanne alikuwa anachelewa. Miaka yote tuliyoishi naye tuliambiwa kuna mzigo wa kupokea. Mama alikuwa akimfunikia chakula chake kwa sahani, na juu ya sahani anaweka kijiko, ili paka akigusa asikie. Hayo yalikuwa mambo ya ndani ya nyumba yetu. Baba Mdogo hakuwahi kulala kwetu hata siku moja, na ghala la baba sijamsikia akilitaja.

Nikamtazama. Alikuwa anajifuta jasho kwa kola ya shati la ndugu yake. Bado anatabasamu na fundi, ila tabasamu limeanza kuganda pembeni, kama anayekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Sahihi mbili tunamaliza," fundi akasema. Akaiweka fomu juu ya mashine. "Mwenye waranti hapa."

Baba Mdogo akasaini. Sahihi ya baba aliifanyia mazoezi usiku kucha, ikatoka kama ya baba kuliko ya baba.

"Na mama hapa. Inasema maelezo yaliyotolewa juu ya kitu kigeni ni ya kweli kwa kadiri ujuavyo."

"Nitasaini mimi," nikadakia. "Mimi ni mtu mzima."

"Inataka mwenzi wa mwenye waranti, kijana, kama yupo. Naye yupo, namwona." Akamnyooshea mama kalamu. "Hapa tu, mama. Nikiondoka unaanza kufua."

Mama akainuka kwenye beseni. Akatembea mpaka kwenye mashine. Taa zilikuwa zinawaka, zinasubiri kubonyezwa. Akachukua kalamu. Vidole havikunji, akaishika kwa ngumi. Akaiweka ncha juu ya mstari, nikaona nukta ya wino inaanza kupanuka.

"Mama," nikamnong'oneza. "Andika tu. Ni karatasi."

Nukta ikazidi kupanuka.

"Mama, Jumamosi."

Nilimwona anaisikia hiyo Jumamosi. Akaitazama mashine, akatazama mafurushi juu ya kabati. Kisha akaiinua ncha kwenye karatasi, bado haijaandika chochote, akageuka na kumtazama mtu aliyevaa shati la mumewe.

"Shemeji," alisema, taratibu, bila hasira. "Jumanne umeijua wapi?"

Baba Mdogo alimtazama fundi. Akanitazama mimi. Macho ya mama aliyakwepa.

Fundi aliivua ile miwani yake ya waya, akaishika mkononi.

"Mama," akauliza, "umemwita nani?"

Mama hakumjibu. Alikuwa anasubiri kwanza jibu la shemeji yake.